Si kila woga ni fobia

Katika kitivo chetu neno fobia limekuwa neno la kila siku. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akishindwa na fonetiki anasema, "Niko na fobia ya fonetiki." Mwingine yuko na fobia ya Kiingereza, wa tatu yuko na fobia ya profesa fulani, na juzi nimemsikia delege mmoja akieleza kwamba promosyo yake nzima iko na fobia ya mtihani wa kusema. Watu mia na zaidi, wote kwa pamoja, kama vile fobia ni mafua ya msimu wa mvua. Kila ninaposikia hivyo najiuliza kama tunajua tunachokisema. Sisi ni watu wa lugha. Tukililegeza neno sisi, tusitegemee watu wa hesabu walikaze.

Nina hoja mbili, na ninajua kwamba zinavutana. Ya kwanza ni kwamba wengi wetu tunaosema tuko na fobia hatuna. Tuna woga wa kawaida, tena mara nyingi woga wenye sababu. Ya pili ni kwamba wapo wachache kati yetu ambao wanayo kweli, na hao hawalitamki neno hilo hata siku moja. Wananyamaza, wanatafuta visingizio, wanakosa siku ya ekspoze, na mwaka unaofuata majina yao hayaonekani tena kwenye orodha ubaoni. Hatuwaoni kwa sababu neno lao limeshachukuliwa na wenye kelele.

Tulitazame neno lenyewe kwanza. Phobos kwa Kigiriki ni hofu, lakini katika Kigiriki cha zamani kabisa, kile cha Homero, lilitaja zaidi kukimbia: jeshi linapovunjika na kila mtu anatupa ngao. Wagiriki walimfanya Phobos kuwa mungu, mtoto wa Ares mungu wa vita, na ndiyo maana mwezi mmoja wa sayari ya Mars, uliogunduliwa mwaka 1877, unaitwa hivyo. Katika tiba neno lilipata nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1870, wakati daktari Carl Westphal wa Berlin alipoandika kuhusu wagonjwa walioshindwa kuvuka viwanja vya mji. Si kwamba walikatazwa, wala hakuna aliyewavizia. Walishindwa tu. Aliita hali hiyo agorafobia, kwa kutumia jina la Kigiriki la uwanja wa soko. Baada yake wataalamu na wapenda kamusi wamebuni majina ya namna hiyo bila kuchoka: ya buibui, ya vyumba vilivyofungwa, ya vimo virefu, hadi ya namba 13. Mimi orodha hizo zinanichekesha zaidi kuliko kunifundisha. Lakini mzizi wa neno naushika, kwa sababu ndani yake mna kukimbia, na kukimbia ndiko kutakakotusaidia kutofautisha woga na ugonjwa.

Kiswahili nacho si maskini katika jambo hili. Woga ni neno la nyumbani, ndugu wa kitenzi kuogopa. Huku kwetu wengi hutamka bwoga, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Hofu ilitoka katika Kiarabu, na wasiwasi vilevile, ule mnong'ono wa moyoni usiomwacha mtu alale. Kicho ni woga wenye heshima ndani yake, wa mtu mbele ya Mungu wake. Kiwewe ni mshtuko unaomvuruga mtu, na siku hizi wanaoandika kuhusu afya ya akili hulitumia neno hilo kwa jeraha la roho linaloachwa na vita au ubakaji. Halafu kuna haya, ambayo si woga lakini hukaa nao jirani.

Angalieni jinsi sarufi inavyohukumu. Kutoka woga tunapata mwoga: mtu, ngeli ya kwanza, amekwisha kubandikwa jina. Kutoka hofu hatupati mtu wa namna hiyo. Hakuna anayemwita mwenziwe "mhofu". Hofu humwingia mtu, humshika, na siku moja humtoka. Ni mgeni, tena mgeni mbaya, lakini hajawa mwenye nyumba. Ndiyo maana ninapozungumza juu ya fobia kwa Kiswahili napenda kusema hofu kuliko woga. Ukimwambia mwanafunzi "wewe ni mwoga" umemweleza tabia yake, na tabia hailetwi kwa daktari. Ukimwambia "hofu imekushika", unaweza kumuuliza swali linalofuata: tangu lini, na wapi, na inakufanya nini?

Inashikaje? Wazee wetu walikuwa na jibu ambalo saikolojia ilikuja kulithibitisha maabarani: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwaka 1920 huko Marekani, John Watson na msaidizi wake Rosalie Rayner walimchukua mtoto mchanga ambaye katika maandishi yao wanamwita Albert. Mtoto huyo hakumwogopa panya mweupe. Alimgusa na kucheza naye. Ndipo wakaanza kugonga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake kila alipomgusa panya. Baada ya mara chache panya peke yake alitosha kumliza, na si panya tu: sungura naye, mbwa naye, hata koti la manyoya. Nyoka alikuwa mmoja, unyasi ukawa shamba zima. Leo hakuna kamati ya maadili ingeruhusu jambo hilo, na la kusikitisha zaidi ni kwamba Albert aliondoka pale hospitalini bila mtu kumwondolea hofu waliyompandikiza.

Sifa ninayompa mtu katika historia hii naiweka kwa mwanamke ambaye vitabu vyetu humtaja kwa mstari mmoja, Mary Cover Jones. Mwaka 1924 alichapisha habari za mtoto mwingine, Peter, ambaye tayari alikuwa anaogopa sungura. Hakumhubiria wala hakumsukumia sungura usoni. Mtoto alipewa chakula alichokipenda, na sungura akawekwa mbali, ndani ya tundu, upande wa pili wa chumba. Siku nyingine karibu kidogo. Siku nyingine karibu zaidi, mpaka mtoto akawa anamshika kwa mkono. Zaidi ya miaka 30 baadaye, mwaka 1958, daktari Joseph Wolpe, mzaliwa wa Johannesburg aliyekuwa ametibu askari walioharibiwa na vita, alitoa kitabu kilichoifanya njia hiyo kuwa tiba yenye utaratibu: mgonjwa hupanga hofu zake kama ngazi, kutoka ndogo hadi kubwa, na kupanda kidato kimoja baada ya kingine huku mwili wake ukiwa umetulia. Nataja Johannesburg makusudi, kwa sababu husemwa mara nyingi kwamba mambo haya ni magonjwa ya Wazungu yaliyotibiwa na Wazungu kwao. Ni kweli Wolpe alikuwa Mzungu, lakini kazi yake ya mwanzo ilizaliwa bara hili, na moyo unaodunda mbele ya hatari hauna pasipoti.

Sasa swali la lini woga unakuwa tatizo. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, uliotolewa upya mwaka 2013, unataka mambo kadhaa yakutane. Hofu iwe imeizidi hatari yenyewe, ukizingatia pia mazingira na utamaduni wa mtu. Ije karibu kila mara anapokutana na kitu hicho. Imfanye akikwepe, au akivumilie kwa mateso makubwa. Idumu, kwa kawaida miezi sita au zaidi. Na iwe imeharibu kitu katika maisha yake: kazi, masomo, urafiki. Mimi nayapenda maneno yale ya mazingira na utamaduni, kwa sababu bila hayo nusu ya wakaaji wa mashariki mwa nchi yetu wangehesabiwa wagonjwa.

Chukueni mtu wa Goma. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo iliteremsha lava mpaka katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 ikalipuka tena, ardhi ikatetemeka siku baada ya siku, na sehemu ya mji ikaamriwa kuhama. Mtu wa huko anayelala mfuko wake ukiwa karibu na mlango, vyeti vya shule ndani yake, hana fobia. Ana kumbukumbu. Vivyo hivyo mtu anayekataa kupanda mashua iliyojaa kupita kiasi kwenye Ziwa Kivu. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Mtu anayehesabu makoti ya kuokolea kabla ya kupanda ana akili zake timamu, tena ningependa tuwe wengi. Kwa mwoga huenda kicheko, walisema, na kwa shujaa kilio.

Lakini mfikirieni mtu mwingine. Huyu hapandi mashua yoyote, kubwa wala ndogo. Akiwa Bukavu hawezi kukaa katika chumba chenye dirisha linalotazama ziwa. Mama yake mkubwa amefariki Goma, ndugu wote wamekwenda, yeye amebaki amejifungia nyumbani akilia kwa huzuni na aibu pamoja. Ziwa ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba hofu imeanza kumnyang'anya vitu ambavyo hakukubali kuvitoa. Kwangu mimi hilo ndilo swali lenye maana, na lina faida kuliko kupima hofu ni kubwa kiasi gani: imekuchukulia nini? Mtu anaweza kuogopa nyoka mpaka akapiga kelele na maisha yake yasipungue kitu, kama anaishi ghorofani mjini. (Ajabu ni kwamba tunaogopa nyoka kuliko pikipiki, ingawa mjini ni pikipiki inayotuvunja miguu. Martin Seligman aliandika mwaka 1971 kwamba binadamu ameandaliwa tangu zamani sana kujifunza haraka hofu za aina fulani. Pikipiki ilichelewa kuja.)

Niingie sasa nyumbani kwetu, maana sikuchukua kalamu kwa ajili ya nyoka.

Hofu kubwa ya kitivo chetu ni kusimama na kusema Kifaransa mbele ya watu. Najua lugha hiyo ndiyo lugha rasmi. Katiba ya mwaka 2006 inasema hivyo katika ibara yake ya kwanza, na papo hapo inaitaja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa. Lakini mwanafunzi aliyetoka kijiji cha Shabunda au Fizi amekisikia Kifaransa kinywani mwa mwalimu wake na redioni tu. Kwake ni lugha ya kigeni yenye cheo. Wengi wetu, tena, tulipitia shule za msingi ambako mtoto aliyesema Kiswahili uwanjani alivikwa simboli shingoni, mfupa au kipande cha ubao, akakaa nacho mpaka amkamate mwenziwe. Watson aligonga chuma. Sisi tulivikwa mfupa. Halafu mtoto yule anafika chuo kikuu, anasimama katika oditwari yenye watu 200, anasema "la problème", na oditwari nzima inapasuka kwa kicheko. Lugha yake haina nomino za kike wala za kiume. Ina ngeli, na katika ngeli hakosei hata akiwa usingizini. Lakini siku hiyo hakuna anayemuuliza habari za ngeli.

Watafiti watatu, Elaine Horwitz, Michael Horwitz na Joann Cope, walionyesha mwaka 1986 kwamba wasiwasi wa darasa la lugha ya kigeni ni kitu chenye sura yake. Walitunga dodoso la sentensi 33 la kuupima, na walieleza kwamba umefungamana na mambo matatu: kuogopa kuwasiliana, kuogopa mtihani, na kuogopa kuhukumiwa vibaya na wengine. Nadhani ni aibu kidogo kwamba sisi wa kitivo cha lugha tunaweza kumaliza miaka yetu yote hapa bila kuusikia utafiti huo, wakati tunauishi kila Jumatatu asubuhi.

Je, hofu hiyo ya oditwari ni fobia? Kwa wengi, hapana. Kumbukeni sharti la kwanza: hofu iwe imeizidi hatari. Hapa hatari ipo. Kicheko kipo. Mwalimu anayerudia kosa lako kwa sauti ya kuigiza ili watu wacheke tena, yupo. Jina la utani litakalotokana na kosa lako na kukufuata mpaka utoke chuoni, lipo. Mwanafunzi anayetetemeka mbele ya hayo amepima vizuri. Dawa yake haiko ndani ya kichwa chake, iko ndani ya oditwari, na sisi sote tumeishika mikononi kwa kuwa sisi ndio tunaocheka. Tukisema "promosyo nzima iko na fobia" tunahamisha kosa: tunalitoa kwa wachekaji na kulipeleka kwa anayechekwa, tena tunalivika koti jeupe la daktari.

Kuna walimu ambao watapinga. Nimemsikia mmoja akisema wazi kwamba woga ndio unaowafanya wanafunzi wasome. Sina haja ya kumbishia yote, kwa sababu ana nusu ya ukweli. Robert Yerkes na John Dodson walionyesha tangu mwaka 1908, kwa majaribio ya panya, kwamba msukumo kidogo husaidia kujifunza, lakini ukizidi huharibu, na huharibu upesi zaidi kadiri kazi inavyokuwa ngumu. Woga kidogo utanifanya nikariri tarehe. Haunisaidii kujenga hoja katika lugha ya pili nikiwa nimesimama mbele ya juri, maana hiyo ni kazi ngumu kuliko zote tunazopewa. Anayetaka tukariri na atutishe. Anayetaka tufikiri kwa sauti ana kazi nyingine.

Sasa wale wachache. Kuna dada mmoja, tuliingia chuoni pamoja, ameniruhusu nieleze habari zake bila jina. Memwari yake ilikuwa tayari. Msimamizi wake aliisifu. Siku ya kutetea hakufika. Alisema ana malaria. Kikao kilichofuata hakufika tena. Mimi nilidhani, kama wengine, kwamba anaogopa kicheko. Lakini nilipomsikiliza vizuri nikakuta hofu ilikuwa imevuka ukuta wa chuo zamani. Hapokei simu ya namba asiyoijua, asije akasalimiwa kwa Kifaransa. Karatasi zake za chuoni anatumwa mdogo wake kuzichukua. Kanisani aliacha kuimba kwaya, ingawa kwaya ni ya Kiswahili na hakuna anayemcheka. Usiku kabla ya ekspoze anatapika. "Yaya, si kwamba sijui," aliniambia. "Najua yote. Nikisimama tu, maneno yananitoroka, na miguu inataka kuyafuata."

Hapo ndipo neno zito linapostahili. Hofu yake haitazami tena kama kuna mchekaji. Inakuja mahali ambapo hatari haipo, imedumu miaka, na orodha ya vitu ilivyomchukulia inarefuka. Wataalamu wana jina lake, fobia ya kijamii, lililoingizwa rasmi katika mwongozo ule wa Marekani mwaka 1980. Jamaa zake walikuwa na majina mengine. Mjomba alisema ni haya za msichana aliyelelewa vizuri, zitaisha akiolewa. Katika chumba cha maombi walisema ni roho ya bubu, wakamfungisha siku tatu. Sina ugomvi na maombi. Yeye mwenyewe anasema yalimtuliza. Ugomvi wangu ni pale alipoulizwa mbele ya watu kwa nini hataki kuifungua roho hiyo mlango itoke. Alitoka pale na hofu yake ya zamani, na juu yake hatia mpya.

Na sisi wenzake tulimfanyia nini? Tulimwonea huruma, na huruma yetu ilimdhuru. Kila ekspoze ya kikundi tulimwambia, "Wewe dada andika, sisi tutasema." Alituandikia vizuri sana. Kila tulipomwokoa, moyo wake ulitulia, na kila ulipotulia ulijifunza kwamba usalama uko katika kutoroka. Hivi ndivyo fobia inavyolishwa. Mtu hapati nafasi ya kugundua kwamba angesimama, angetetemeka dakika tano, na kutetemeka kungepungua kwenyewe, kwa sababu mwili hauwezi kubaki kwenye kilele cha hofu siku nzima. Huchoka na kushuka. Anayekimbia dakika ya pili haioni dakika ya kumi.

Kwa hiyo simwungi mkono anayependekeza kwamba wenye hofu wasamehewe mitihani ya kusema na wapewe ya kuandika. Najua pendekezo hilo limeletwa kwa nia njema. Najua pia kwamba wajanja watalipenda: kesho fobia zitakuwa nyingi kuliko viti. Mimi ningesema kinyume. Anayedai fobia asipewe ruhusa ya kukosa, apewe ngazi. Mjanja hataitaka, kwa kuwa ngazi ni kazi zaidi. Mgonjwa ataihitaji.

Ngazi yenyewe haina uchawi. Mtu asome ukurasa mmoja kwa sauti mbele ya rafiki mmoja, ndani ya chumba. Arudie mpaka achoke nao, kwa maana kuchosheka ndiko tunakokutafuta. Halafu marafiki watatu. Halafu asimame katika oditwari tupu, jioni, aisikie sauti yake ikirudi kutoka ukutani. Halafu watu watano waketi nyuma. Siku moja aulize swali moja tu darasani, alilokwisha kuliandika. Asipande kidato kipya kabla cha chini hakijamchosha, na asishuke kwa sababu ya siku moja mbaya. Mtu wa hofu ya damu na sindano ndiye peke yake aliye na njia tofauti kidogo: wengine mapigo yao na presha hupanda tu, yeye presha yake huweza kushuka ghafla akazimia, na mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, aliwafundisha watu hao kukaza misuli ya mikono na miguu ili damu isikimbie kichwani. Nalitaja kwa ajili ya wale wanaoanguka kila mara kampeni ya chanjo inapopita.

Pale ngazi inaposhindikana, au hofu inapokuja na kukosa usingizi na mawazo ya kujidhuru, kazi si ya wanafunzi tena. Hapa Bukavu kuna kituo cha Sosame, na wengi wanafikiri ni mahali pa vichaa tu, hivyo mtu hujificha asionekane akiingia langoni. Huko ndiko kuna watu waliosomea mambo haya. Na aliyekimbia risasi, ambaye mlango ukibamizwa anajitupa chini, asiambiwe apande ngazi yangu. Huyo ana kiwewe, na kiwewe kina wataalamu wake.

Ninachokiomba kwa ofisi ya kitivo ni kidogo na hakina gharama. Kabla ya kikao kijacho cha kutetea, oditwari moja iachwe wazi saa kumi na moja jioni, mara mbili kwa wiki, asistenti mmoja akiwa na ufunguo. Wanaotaka kusema mbele ya viti vitupu waende wakaseme. Ratiba ya ekspoze itolewe wiki mbili mapema, ili mtu asivamiwe. Na walimu wetu, kwa heshima zote, waache kuigiza makosa. Wayasahihishe baada ya mtu kumaliza, kwa sauti ya kawaida, kama wanavyosahihisha karatasini.

Yule dada hajatetea bado. Jumatano iliyopita alisoma kurasa tano mbele ya watu saba. Alikosea "la" na "le" mara kadhaa, akakunywa maji, akaendelea. Watatu kati ya wale saba walikuwa wa promosyo ile ile iliyokuwa ikicheka.